Hitma ya Hamed bin Zahor

Sheha wa mtaa wetu, Mahfoudh, alikuja kwangu mara ya nne na karatasi ile ile, na mara ya nne nikamwacha barazani. Simkaribishi ndani mtu anayetaka nimtilie saini ndugu yangu kuwa kafa.

"Shikamoo, Bi Muzna."

"Marahaba. Kama ni karatasi, rudi nayo."

Akacheka kidogo, maana keshanizoea. Mtaa mzima wa Kiponda unaujua mdomo wangu. Wanaujua watalii wanaoupiga picha mlango wangu bila ya kuniuliza, na anaujua mpangaji wangu wa duka la chini, anayewauzia watalii hao hao vinyago kwa bei ya ng'ombe. Lakini Mahfoudh mtoto wa watu, ana adabu. Alikaa, akaiweka karatasi mapajani, akangoja vespa ipite ndio aseme.

"Bi Muzna, safari hii si kama miaka ile. Tarehe ishirini na tano ni Siku ya Mashujaa. Wazee waliopigana vita vya Kagera, wale wanaokutana Jang'ombe, wametengeneza orodha ya vijana wa mjini waliokwenda wasirudi. Majina yatasomwa uwanjani, mbele ya gwaride, kisha yatachongwa kwenye jiwe. Likishachongwa ndio basi, halichongwi tena."

"Kheri yao."

"Jeshini Hamed kaandikwa kuwa hajulikani alipo. Jiwe ni la waliokufa. Ili aingie, jamaa yake wa karibu lazima akubali kwa saini kuwa ni marehemu. Wenzake wote wamo. Kabaki yeye tu."

"Kwa hiyo mnataka nimuue mimi ili nyinyi mumpigie tarumbeta."

"Sikusema hivyo, Bi Muzna."

"Umesema."

Akaitazama karatasi yake. Nikadhani nshamweza. Kumbe ana jengine.

"Saini ya mke pia inafaa," akasema. "Nshakwenda Paje kwa Bi Salhiya. Amekataa. Kasema hatii mpaka utie wewe kwanza."

Salhiya akatae kusema Hamed kafa? Salhiya, aliyekwenda kwa kadhi kwa miguu yake kutaka aandikiwe kuwa kafa?

"Iwache hiyo karatasi," nikamwambia. Akaiwacha, akaondoka mbio kabla sijabadilisha shauri.

Tulizaliwa wawili tu, Hamed na mimi. Babu yetu alikuwa na mashamba ya mikarafuu, baba yetu baada ya Mapinduzi akawa anauza vitambaa mkononi mpaka alipofariki, na Hamed akawa dereva wa lori. Alikuwa akipeleka mawe na saruji shamba, na huko Paje ndiko alikomwona Salhiya. Vita vilipoanza, mwisho wa mwaka sabini na nane, akajiandikisha. Watu walimcheka. Walisema mtoto wa Kiarabu huyo, atakwenda kumpigania nani? Hamed akajibu kuwa nchi ni yake kama ilivyo ya wao, na lori anajua kuliendesha. Alikuwa na miaka ishirini na tano. Mkewe, wa miaka kumi na tisa, akarudi kwao Paje kumngoja.

Ilikuja barua moja kutoka Bukoba, kasema kuna baridi na ndizi nyingi. Haikuja nyengine. Vita vikaisha, askari wakarudi, mama yetu, Bi Sheikha, akashinda bandarini siku tatu akiwatazama wanaoshuka. Siku ya tatu alirudi nyumbani, akavua buibui, akasema: "Sijaona kaburi. Mwanangu mzima."

Na neno la mama kwetu lilikuwa ndilo. Hatukuweka matanga. Hatukusoma hitma. Kila mwisho wa Ramadhani mama alipotoa zaka ya fitri alipima mchele pishi tatu: yake, yangu, na ya Hamed. Zaka ya fitri hutolewa kwa kila aliye hai, maiti hatolewi, na mama alikuwa akiijaza pishi ya Hamed mpaka inamwagika, ili Mwenyezi Mungu aone kuwa humu ndani tunamhesabu mzima. Mtu akiuliza, tukisema yuko Kampala, keshaoa huko, kasahau kwao. Bora mtoto mtovu wa shukrani kuliko mtoto maiti.

Salhiya alingoja miaka minne. Wa tano ulipoingia akenda kwa kadhi, kadhi akahukumu kuwa mume aliyepotea ni maiti, naye akakaa eda kwao Paje, miezi minne na siku kumi. Mama akatukataza kukanyaga. "Kamuua mwanangu kwa karatasi," akasema, na neno hilo nililichukua mimi nikalitembeza mitaa yote, Kiponda, Malindi, Hurumzi, harusini na misibani. Salhiya akaja akaolewa na mkulima mmoja wa Paje, jina lake Usi, mimi nikasema: si mmeona? Mama alipokuwa anakata roho, miaka kumi na sita sasa, aliniusia hilo moja tu: "Usikubali wamzike mwanangu." Nikamwahidi. Na pishi ya Hamed nikaendelea kuitoa mimi.

Sasa nitasema jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, wala mama hakulijua mpaka akaingia kaburini.

Siku moja katika mwaka ule wa sabini na tisa, baada ya alasiri, mama amelala juu ana homa, ilibishwa hodi. Nikashuka, nikafungua. Amesimama askari, mtu wa bara, mrefu, kofia kaishika mbele kwa mikono miwili. "Hapa ni kwa kina Hamed Zahor?" akaniuliza. Nikamtazama macho. Yalikuwa yamejaa habari. Mtu aliyekuja kusema mwenzake mzima hashiki kofia namna ile.

Nikamwambia: "Siyo hapa." Nikafunga mlango, nikatia komeo.

Nikasimama kwa ndani. Viatu vyake nikavisikia, havikuondoka upesi. Kisha vikaenda. Mama akaniuliza nani, nikamwambia muuza samaki. Na tokea siku hiyo nikajiambia kuwa hakusema kitu yule mtu, kwa hiyo sijui kitu. Pengine kapotea njia. Miaka arubaini na sita nimejiambia hivyo, na aliyenisikia nikisema Hamed yuko Kampala asingedhani nna shaka hata chembe.

Alhamisi nikaitia karatasi mkobani, nikakodi gari, nikenda Paje. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumtolea Salhiya, na yalikuwa makali, nayajua mwenyewe. Dereva alijaribu kunizungumzisha habari za mahoteli, nikamkunjia uso, akawasha redio.

Nilimkuta uani kwake anaanika mwani, kanga imerowa mpaka magotini. Kule baharini Wazungu wanarushwa juu na miavuli yao, yeye kawapa mgongo. Alikuwa amekonda. Mara ya mwisho kumwona alikuwa msichana mwenye mashavu, na sasa mbele yangu amesimama kizee, kama mimi.

"Wifi Muzna," akasema. Hakushangaa. "Karibu. Ngoja nikutandikie mkeka."

Sikukaa. "Ulipomuua mara ya kwanza hukunitaka shauri," nikamwambia. "Leo saini yangu unaitakia nini?"

Akanawa mikono taratibu, akaifuta kwa upindo wa kanga. Mimi hunitia wazimu mtu asiyenijibu upesi.

"Mara ya kwanza nilimzika peke yangu," akasema. "Miezi minne na siku kumi, hakuja mtu wa kwenu hata mmoja kunipa mkono. Nikisikia nje mtu anapiga hodi, nikidhani ni wewe. Nshakuwa mtu mzima sasa, wifi. Siwezi kumzika peke yangu mara ya pili. Kama hutaki asomwe, basi asisomwe."

"Na wewe nani alikwambia kuwa kafa? Kadhi? Kadhi alikuwako vitani?"

Akanitazama, akanitazama, mpaka nikatamani kuyarudisha maneno yangu.

"Magesa alikuja hapa," akasema.

Jina sikulijua. Lakini nikakaa juu ya mkeka aliotandika, bila ya kukaribishwa tena.

"Askari wa bara, mrefu. Walikuwa lori moja na Hamed. Alisema kaanzia mjini, kwa mama, ndivyo Hamed alivyomuusia. Akabisha, akafungua msichana, akamwambia siyo hapa." Salhiya alisema haya kwa sauti ya chini, bila ya kunisuta. "Alisema alijua kuwa ndipo. Yule msichana alikuwa Hamed mtupu kwa uso. Alisema alitaka kubisha tena, akashindwa."

Sikuinua uso. Nilikuwa nautazama mwani, na mwani siuoni.

"Endelea," nikamwambia.

Akanieleza. Ilikuwa mwezi wa Machi, ng'ambo ya Mto Kagera, njia itokayo Masaka kwenda Kampala. Hamed alikuwa akipeleka risasi mbele na kurudi na majeruhi. Siku hiyo alikwenda mara mbili. Mara ya pili mkubwa wake alimwambia apumzike, ampishe dereva mwengine, na huyo mwengine alikuwa na homa, anatetemeka. Hamed akamwambia lala. Akapanda yeye. Kombora likalipiga lori likiwa linarudi, limejaa watu. Watatu walitoka wazima, na Magesa mmoja wao. Hamed aliwahi kusema maneno mawili matatu: mama, na Salhiya, na mlango wenye misumari ya shaba Kiponda.

"Wakamzika kando ya njia," Salhiya akasema. "Magesa alikuwa Mkristo, hajui dua zetu. Lakini alisema Hamed kila siku akisali ubavuni mwa lori, kwa hiyo upande anaoelekea walikuwa wakiujua wote. Wakamlaza kaelekea huko huko. Alinambia hivyo mara tatu, wifi. Alitaka tujue kuwa hawakumtupa."

Nililia. Sijui nisemeje vyengine. Mtu wa miaka sitini na nane, nimekaa ua wa watu, kamasi zinanitoka mbele ya kuku. Salhiya hakunigusa, akaniwacha nilie.

Nilipoweza kusema nikamuuliza: "Kwa nini hukusema? Siku ile ile ungekwenda kwa mama ukamwambia."

"Ningemwambia mama, angeuliza: huyo askari kwangu hakuja kwa nini? Na hakuwa amebakiwa na mtoto mwengine ila wewe." Akavuta pumzi. "Na kwa kadhi ningekwenda mapema na Magesa awe shahidi wangu, kadhi angewaita watu wa Kiponda, mambo yangetoka yale yale. Nikangoja miaka minne ipite, ikawa haihitaji shahidi. Nikaona mama anichukie mimi. Mimi si mwanawe."

Miaka minne alikaa na msiba tumboni, hana ruhusa ya kukaa eda, na mimi huku nikisema hakuweza kuvumilia. Maneno yote makali niliyoyapanga garini nikayaona yananirudia mwenyewe, moja moja.

Nikataka walau nijitetee kwa kitu. Nikamwambia: "Sisi hatukumsahau. Kila mwaka pishi yake imetoka. Hata mwaka huu."

"Najua. Nilisikia." Akatengeneza kanga yake mapajani. "Mimi kila usiku wa kuamkia Ijumaa nimemsomea Yasini. Hata nilipoolewa. Usi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akijua. Nikisahau kwa uchovu wa mwani, yeye ndiye akinambia: we Salhiya, umemsomea askari wako?"

Mara nyengine mtu huelewa jambo mwili mzima. Kwetu, maiti hana kitu akitakacho isipokuwa dua ya walio nyuma yake. Mama na mimi tulikuwa tunampimia mchele mtu aliyeko chini ya udongo, tunajisifu kwa mapenzi yetu, na katika miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyesema hata mara moja, Mola msamehe Hamed. Kila nilipoomba nilimwombea safari njema. Aliyemwombea alikuwa mke niliyemtukana, na mume wa mke huyo.

Nikamshika mikono. Ilikuwa migumu, ina chumvi na mikato ya kamba za mwani. Nikaibusu, akajaribu kuivuta, sikumwachia.

"Nilifunga mlango mimi, wifi," nikamwambia. Ndio mara ya kwanza kulitamka, na ndio mara ya kwanza kumwita wifi tokea Hamed aondoke.

"Najua," akasema. "Ilete hiyo karatasi."

Tukaitia saini sote wawili, jina lake chini ya langu, hapo hapo juu ya mkeka. Moyoni nikamwambia mama anisamehe. Sijui kama amenisamehe.

Tarehe ishirini na tano iliangukia Ijumaa. Tulikaa chini ya hema pamoja na jamaa za wengine, wengi wao wajukuu wasiomjua hata wanayemwakilisha. Gwaride likapita, tarumbeta ikapigwa, na mimi niliyekuwa nimeidhihaki tarumbeta hiyo ikanikata maini. Wakaanza kusoma majina. Kila jina, wale wazee wa Jang'ombe wakiinuka kidogo vitini na kukaa, magoti yanawalia. "Praiveti Hamed Zahor." Wakainuka. Mzee mmoja wa mkono mmoja akapiga saluti kwa huo aliobakiwa nao. Ofisa akaja kuuliza nani ataweka shada la maua kwa niaba yake. Watu wa mtaani kwetu walinitazama mimi.

"Mjane wake," nikasema, nikamsukuma Salhiya mgongoni. Akaenda pole pole na shada lake, akaliweka, akasimama pale muda mrefu kuliko wengine, na yule ofisa akawa na akili ya kutomharakisha.

Baada ya alasiri hitma ikasomwa, wanaume msikitini, wanawake ukumbini kwangu. Kiponda nzima ilikuja, wengine kwa huruma, wengine kutazama vipi Bi Muzna kabadilika. Nilikuwa jikoni na mambo ya chai. Nilipotoka nikaona wanawake wamejaa kwenye mikeka, juzuu zinagawiwa, na Salhiya kakaa mlangoni kabisa, penye viatu. Hakuna aliyempisha. Bi Khairiya, jirani yangu wa miaka yote, kamgeuzia bega. Na nani aliyewafundisha kumgeuzia bega? Mimi.

Mwalimu Mwanakheri, aliyekuja kutuongoza, ni mgeni mtaani, hajui habari zetu. Akauliza kwa upole: "Marehemu ni Hamed bin Zahor. Amefariki lini, Bi Muzna?"

Wote wakaniangalia. Ni wale wale niliowaambia yuko Kampala. Ningeweza kusema: serikali imesema hivi, jeshi limesema vile. Njia ilikuwako, na ulimi wangu haujapata kukosa njia.

"Amefariki mwezi wa Machi, mwaka sabini na tisa," nikasema. "Alikuja mtu kutupa habari, nikamfungia mlango. Nilijua. Miaka yote hii nikiwaambia yuko Kampala, nilijua. Na yule mliyemkalisha penye viatu hakumuua mtu. Alinisitiri mimi, na ndiye peke yake aliyemsomea."

Hakuna aliyenipa pole, wala sikuitaka. Mwishowe Bi Khairiya akajivuta, na wa pili yake akajivuta, mpaka ikapatikana nafasi katikati ya mkeka. Salhiya akainuka, akaja, akakaa ubavuni mwangu. Akaifungua juzuu, akaishika katikati yetu.

Nikaanza kumsomea ndugu yangu.